Kengele ya Beberu Aliyeitwa Askofu

Babu Vardis alikuwa hasemi na mjukuu wake, mwaka wa tatu sasa, lakini hakuna siku aliyoacha kumwambia neno. Alilipitisha kwa mbwa.

"Murgo," husema asubuhi, macho yake yakiwa dirishani, "mwambie huyo kahawa inamwagika jikoni."

Murgo, mbwa mzee wa machungani mwenye sikio moja na nusu, huinua kichwa na kumtazama Rodanthi kwa uchovu wa karani wa miaka mingi. Rodanthi hukimbilia kahawa. "Mwambie Babu asante," hujibu, naye Murgo hugeuza kichwa upande wa pili. Mbwa yule alistahili pensheni.

Kisa chenyewe kilikuwa tundu. Tundu dogo, upana wa punje ya dengu. Rodanthi alikuwa amefundishwa kupiga lira, fidla ndogo ya Krete yenye nyuzi tatu, na babu yake tangu ana miaka sita, wamekaa zizini, lira imesimama pajani, babu akimwambia asikilize mbuzi kwanza ndipo avute upinde. Alipokua, mzee akampa lira yake mwenyewe, ile iliyochongwa na baba yake kwa mti wa mforosadi. Rodanthi akaenda nayo mjini Irakleio kusoma, akarudi baada ya miaka minne na lira ile ile, ila sasa ubavuni ina tundu, tunduni mna waya, na waya umeishia kwenye kisanduku cheusi chenye vitufe thelathini na viwili na taa za kuwakawaka. Babu alilitazama tundu. Akatia ncha ya kidole chake cha mwisho, akaitoa. Akamrudishia lira, na tangu siku hiyo maneno yake yote kwa mjukuu yakawa mali ya Murgo.

Tusimwonee mzee. Mimi mwenyewe nikinuna sifiki jioni, njaa hunisuluhisha. Lakini watu wa Lithovuni, kijiji kilichong'ang'ania ubavu wa mlima kule Krete, wakinuna hununa kama wanavyojenga nyumba: kwa mawe.

Mwaka huohuo likaongezeka la pili. Askofu akaibwa.

Askofu alikuwa beberu. Jina alilipata kwa ndevu na kwa mwendo wake, na Padri Andronikos hakulipenda hata kidogo, ila lilikuwa limekwisha kumganda. Ndiye aliyeongoza mbuzi sitini wa Vardis, na shingoni alivaa kengele ya shaba nzito ambayo sauti yake ilifika mpaka bonde la pili. Nanyi mjue, wachungaji wa milima ile hawanunui kengele ovyo. Mtu hushinda dukani kutwa nzima akizigonga moja moja kwa kifundo cha kidole, anakataa, anarudisha, anabishana na fundi, mpaka apate zinazosikilizana, nene kwa nyembamba, kundi zima liimbe pamoja. Ukungu ukishuka, mwenyewe husimama tu akasikiliza, akajua mbuzi gani yuko wapi na yupi kabaki nyuma. Vardis alijua kengele mia mbili za kijiji kizima, kila moja na shingo yake. Kundi lake bila kengele ya Askofu lilisikika kibogoyo.

Mzee alitafuta, hakupata. Kule mwizi hatajwi bila ushahidi, maana maneno ya namna hiyo huwa hayaishii kwenye maneno. Basi akatunga ubeti, akawa anauimba mkahawani kila Jumapili, huku akimkazia macho kila aliyekuwemo, mmoja baada ya mwingine:

"Mla nyama kaimeza, mifupa kaitupia,
kengele haimezeki, kooni italilia!"

Wote walipiga makofi, na mwizi bila shaka akiwemo.

Rodanthi naye alikuwa na lake. Hakutaka sifa, wala hakutaka kuwa maarufu Athens. Alitaka babu yake, mwenye miaka themanini na mmoja na kifua kinachokoroma kila baridi ikizidi, amwambie neno moja kwa mdomo wake mwenyewe. Hata tusi. Tusi la ana kwa ana, bila mbwa. Kilichomnyima usingizi ni kwamba mzee angeweza kuondoka duniani siku yoyote, na neno lake la mwisho akampa Murgo.

Akajisemea, akinisikiliza mara moja tu, mwanzo hadi mwisho, ataelewa. Maana hakuwa ameiacha lira. Alikuwa ameizungushia sauti za hukohuko walikozaliwa: upepo wa mlimani, maji ya kisimani, mlango wa zizi, kengele za mbuzi, zote amezinasa kwa mashine, amezirefusha, amezilainisha, zikawa kama ukungu, na lira inatembea humo ndani polepole. Lilikuwa jambo zuri kwelikweli. Tatizo ni kwamba katika kijiji kizima aliyelisikiliza alikuwa mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa Polidoros, mwenyekiti wa chama cha utamaduni, mnene, mcheshi, masharubu yake yamesokotwa ncha. Ndiye aliyembatiza Rodanthi, kwa hiyo binti alimwita nuno, kama Wakrete wote wanavyomwita baba wa ubatizo. Mwezi wa pili wa mwaka huu wa tatu alikuja kumtembelea chumbani kwake, na Rodanthi akamwonyesha maajabu ya kile kisanduku. Akapiga sauti ya kengele ya mwanambuzi, kitu cha kulia kama kijiko ndani ya glasi. Akazungusha kitufe. Kengele ikashuka, ikashuka, mpaka ikawa kengele kuu ya kanisa siku ya maziko.

"Lo!" Polidoros aliweka glasi yake ya raki, pombe kali ya zabibu, chini, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Sasa hiyo nani ataijua? Hata mama yake mwanambuzi hawezi!"

"Hata mama yake, nuno."

"Hata mchungaji wake?"

"Nani atajua? Nikishaitia humu imekwisha."

Polidoros alisokota ncha moja ya masharubu, akafikiri. "Binti yangu, njoo kwenye zizi langu la kule juu. Nasa unachotaka. Na siku ya Mtakatifu Georgi, baada ya ibada, jukwaa ni lako. Saa nzima. Mwenyekiti ni mimi, atakayelalamika aniletee barua."

Rodanthi nusura ambusu masharubu. Alikwenda. Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hakuona mnyama hata mmoja. Alisimama na kipaza sauti chake kwenye weupe mtupu na kengele zikampitia kulia na kushoto. Akarudi nyumbani, akazikalia wiki sita. Alizishusha zote, akazirefusha, akazipindua. Moja tu ilimshinda. Akiishusha, inamkera, akiipandisha, inamkera zaidi. Mwishowe akaiacha kama ilivyozaliwa, akakaza nyuzi za lira ziifuate hiyo, na kazi nzima ikatulia. Hakujiuliza kwa nini.

*

Siku ya Mtakatifu Georgi wachungaji wa Lithovuni huleta makundi yao kanisani yabarikiwe. Mbuzi na kondoo hufungiwa kwa kamba kwenye uwanja ulio chini ya ngazi za kanisa, hukamuliwa hapohapo, maziwa yakachemshwa kwenye masufuria makubwa na kila mtu akapewa chake. Juu, kwenye ua, meza huwa zimepangwa: nyama, wali uliopikwa kwa supu yake, jibini, mikate, na raki ya kutosha kuogeshea farasi. Ilikuwa saa sita mchana. Padri Andronikos alikuwa amemaliza kunyunyizia makundi maji ya baraka kwa tawi la mrehani, naye ameketi, miguu inamuuma.

Babu Vardis alikuja. Alikuwa amevaa shati jeusi, buti ndefu, na kitambaa cheusi chenye vishada kimefungwa kichwani. Aliketi meza ya mbele kabisa, akaligeuzia jukwaa mgongo. Murgo alilala katikati yake na jukwaa, kazini.

Polidoros alipanda jukwaani na hotuba ya kurasa nne, akasoma mbili, akatoa machozi kidogo, akamkaribisha mtoto wake wa ubatizo. Rodanthi akaketi, lira pajani, kisanduku mbele yake. Akabonyeza kitufe cha kwanza.

Spika zikaanza kuvuma. Mmmmmmm.

Dakika moja ikapita. Watu wakaendelea kula. Dakika ya pili, shangazi Kaliroi, dada yake Vardis, mwanamke asiyejua kunong'ona, akamgusa jirani. "Ataanza lini huyu mtoto?"

"Ameshaanza."

"Ameanza nini?"

"Hicho."

"Hicho si friji ya mkahawa?"

Hoja hiyo ilipata wafuasi. Mwenye mkahawa akainuka kwenda kuangalia friji yake, akarudi akisema friji ni nzima na imezimwa tangu Alhamisi. Fundi umeme akatoa bisibisi mfukoni, akaenda kuchutama nyuma ya spika ya kushoto. "Waya umelegea, dada?" akauliza kwa huruma. "Hapana," Rodanthi akajibu kwa meno yaliyofungwa, "inatakiwa iwe hivyo." Fundi akamtazama kama anayetazama mgonjwa anayekataa dawa, akabaki palepale na bisibisi yake, tayari.

Rodanthi akavuta upinde. Lira ikaingia. Wachache waliguna kwa kuridhika, wakasogeza viti wapate kucheza, wakangoja mdundo. Mdundo haukuja. Vijana wawili waliokwisha shikana mabega waliachana polepole, kila mmoja akijifanya anatafuta kofia.

"Murgo," sauti ya Vardis ilisikika wazi, mgongo ukiwa palepale, "muulize huyo kama kuna mtu amekufa, tuvue kofia."

Ua mzima ukacheka. Rodanthi alitaka kulia, tena pale mbele za watu, lakini mkono uliendelea kuvuta upinde kwa sababu haukujua kingine cha kufanya. Akabonyeza kitufe cha saba. Kengele.

Zikaja kutoka mbali, nene, ndefu, zimetandazwa kama unga. Na ndani yake, moja ikagonga safi. Dong.

Mgongo wa Vardis ukanyooka.

Dong.

Mzee aliweka uma mezani. Akageuka, kiti, buti na vyote, akalitazama jukwaa kwa mara ya kwanza. Ikagonga tena. Akasimama akanyoosha mkono, na sauti iliyomtoka ilifika mpaka kwa mbuzi.

"Askofu!"

Wageni wawili kutoka mjini wakasimama kwa heshima, wakitazama ni wapi anaingilia.

"Hiyo ni kengele ya Askofu!" Vardis akanguruma. "Naijua! Ningeijua nikiwa kaburini! Murgo, muulize huyo kaitoa wapi!"

Murgo akageuka. Ua wote ukageuka pamoja na Murgo. Rodanthi akasimamisha upinde. "Nimeinasa zizini," akasema. "Zizi la juu. Kwa nuno."

Hapo Polidoros akacheka, kicheko kikubwa chenye tumbo ndani yake. "Jamani! Jamani! Mzee Vardis, kaa ule. Hiyo mashine inashusha sauti! Mimi mwenyewe nimeiona. Inachukua kengele ya mwanambuzi inaifanya ya kanisa. Hiyo unayoisikia labda ni ya kijibuzi changu kimoja cha juzi kisichojua hata kulia. Si ndivyo, Rodanthi? Si ulinionyesha mwenyewe?"

"Nilikuonyesha," Rodanthi akasema, na lilikuwa jambo la kweli.

"Mnasikia!"

Watu wakashusha pumzi. Kicheko kikaanza meza za nyuma kikaja mbele. "Sikio la Vardis limezeeka," mmoja akasema, na mwingine akaongeza, "Kesho atasikia Askofu kwenye kijiko cha kahawa." Shangazi Kaliroi mwenyewe akamvuta kaka yake shati. "Kaa, kaka. Umri huo. Hata mimi jana nilimwita paka jina la marehemu mume wangu."

Vardis hakukaa. Alibaki amesimama, lakini mkono aliounyoosha ukashuka kidogo kidogo. Rodanthi aliuona ukishuka. Mzee hakuwa na kitu kingine duniani. Magoti yalikuwa yamekwenda, meno yamekwenda, beberu amekwenda. Sikio ndilo lilikuwa limebaki, na sasa kijiji kizima kilikuwa kinamwambia nalo limekwenda, naye alikuwa anaanza kuamini.

"Murgo," akasema, safari hii polepole. "Muulize. Aliishusha, au hakuishusha."

Polidoros, nyuma ya bega la mzee, akamkonyeza Rodanthi. Si konyezo la vitisho. La mtu anayeomba.

Huyo ndiye aliyembatiza. Ndiye peke yake aliyemsikiliza, aliyempa jukwaa. Neno moja tu, nimeishusha, na sikukuu ingeendelea, wali ungeliwa, nuno angebaki nuno. Na babu yake angerudi nyumbani akiwa mzee asiyesikia vizuri.

"Sikuigusa," Rodanthi akasema.

Polidoros akaacha kukonyeza.

"Nyingine zote nilizishusha. Hiyo sikuigusa. Nilijaribu, Babu, nikashindwa. Kila nikiisogeza inaniuma. Nikaiacha, nikakaza lira iifuate yenyewe."

"Ni mjukuu wake huyo!" Polidoros akapaza sauti, masharubu yakimcheza. "Ulitegemea aseme nini? Padri, wewe ni mtu wa haki, sema!"

Padri Andronikos alikuwa ameshaanza paja la kondoo na hakupenda kuhukumu mambo akiwa na njaa. Akafuta vidole. "Zizimwe nyingine zote," akasema. "Ipigwe hiyo peke yake. Kwa nguvu, tusikie sote, kisha tule."

Rodanthi akazima upepo. Akazima maji, na mlango wa zizi, na ile mmmmm, na fundi umeme akaitikia kwa kichwa kwamba hatimaye hitilafu imepatikana. Ikabaki kengele moja. Akapandisha sauti mpaka mwisho.

Dong. Dong. Dong.

Wachungaji wakainamisha vichwa wakisikiliza, kila mtu na sikio lake zuri mbele. Kabla yeyote hajatoa neno, jibu lilikuja kutoka chini ya ngazi.

Mbuzi sitini wa Vardis walikuwa wameinua vichwa pamoja. Miaka mitatu hawakuwa na wa kumfuata. Walikuwa wakienda machungani kama wanafunzi wasio na mwalimu. Sasa kiongozi alikuwa anaita. Kamba ilikatika kwa mlio mmoja. Wakapanda ngazi za kanisa wanne wanne, sufuria la maziwa likapinduka, shangazi Kaliroi akapiga yowe na kupanda juu ya benchi, na kundi zima likamwagika uani. Hawakuzunguka meza. Walipita juu yake. Wali uliruka. Mikate ilitwaliwa. Mbuzi mmoja mweupe alisimama katikati ya jibini akitafakari, mwingine akaanza kutafuna ukurasa wa tatu wa hotuba ya mwenyekiti, ule ambao hakuusoma, na waliobaki wakaizingira spika ya kulia, wakaibusu, wakailamba, wakailalia mbavu zake, wakilia mee mee kwa furaha ya kumwona mkubwa wao ingawa alikuwa amebadilika sana kwa umbo.

Mahakama gani ingehitaji zaidi ya hayo?

Polidoros alivua kitambaa chake cha kichwani, akakishika kwa mikono miwili.

"Alikuwa na shingo nzuri," akasema. "Nilimpenda kwanza kwa sauti. Nilikuwa napita bondeni, nikaisikia hiyo kengele, nikasema haki ya Mungu, hii haiwezi kuwa ya Vardis peke yake."

"Na Askofu?" Padri akauliza.

"Harusi ya binti yangu, baba. Ile ya mwezi wa kumi, mwaka uleule nilipomchukua. Kengele nikamvika wangu wa kule juu."

Ua ukapiga hesabu. Nyuso zikaanza kubadilika, moja baada ya nyingine, maana harusi ile hakuna ambaye hakuwepo.

"Mlimla wote," Polidoros akasema kwa unyenyekevu. "Na wewe, baba, ulichukua mguu. Mwingine ukafungashiwa."

Padri akatazama mbali, kuelekea mlimani.

Vardis alikuwa bado amesimama. Kifua kilipanda na kushuka, na wanaume wawili walisogea taratibu wakae karibu naye, kwa lolote.

"Mimi nilikula?"

"Sahani mbili."

"Nilisema nini?"

Polidoros akasita. "Ulisema tangu uzaliwe hujawahi kula mbuzi mtamu kama yule. Uliomba kumjua aliyemlea."

Mzee akafikiri, huku kengele ikigonga na mbuzi wakijibu.

"Basi nilisema kweli," akasema. "Nilimlea vizuri."

Hapo ndipo ua ulipopasuka kwa kicheko, na Padri akacheka mpaka tawi la mrehani likamponyoka. Vardis hakucheka. Alimgeukia mbwa wake.

"Murgo. Mwambie huyo mwizi kengele yangu iwe hapa kabla maziwa yaliyobaki hayajapoa. Na mwambie namdai beberu, na nitamchagua mwenyewe, kwa sikio."

Murgo alitazama huku na huku. Kwa kawaida angegeukia jukwaani, ndiyo njia aliyoizoea. Lakini mkono wa mzee ulikuwa umemwelekea Polidoros, kwa hiyo, baada ya kusita kidogo kama karani anayepewa faili geni, Murgo akamgeukia Polidoros. Naye Polidoros akakimbilia pikapu yake, tumbo mbele, masharubu nyuma.

Vumbi la pikapu lilipotulia, Vardis alipanda jukwaani. Alipanda vibaya, kwa goti moja, akakataa kushikwa. Akaichukua lira kutoka mikononi mwa Rodanthi, akaigeuza, akagusa uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, kichwa kimeinama. Kila uzi ulikuwa umekaa pale kengele ilipokaa. Akagusa tena, pengine kuhakikisha, pengine kwa sababu ilikuwa tamu.

"Rodanthi," akasema.

Chini ya jukwaa Murgo aliinua sikio moja na nusu, akangoja ujumbe. Ujumbe haukupitia kwake.

"Hukujua ni ya Askofu?"

"Sikujua, Babu." Sauti ilimtoka ndogo, ya miaka sita. "Ilikuwa imekaa vizuri tu. Ulinifundisha nisikilize mbuzi kwanza."

Mzee akatikisa kichwa, akafanya kelele fulani puani. Kidole chake cha mwisho kikaenda ubavuni mwa lira, kikaingia tunduni, kikazunguka humo. Rodanthi akajikaza. Sasa ndilo linakuja, akajua, la miaka mitatu.

"Limekaa kombo," Vardis akasema.

"Nini, Babu?"

"Tundu! Limekaa kombo! Nani alikufundisha kutoboa hivi? Mti wa mforosadi unautoboa kwa kuufuata, wewe umeuingilia ubavu kama mwizi wa kuku. Miaka mitatu naliangalia, linanichoma macho. Ungeniletea, ningekutobolea mimi, likakaa sawa. Huna akili?"

"Sina, Babu," Rodanthi akasema, machozi yakimdondokea kwenye vitufe, mpaka taa tatu zikawaka zenyewe. Lilikuwa tusi kamili, la ana kwa ana, na alikuwa hajawahi kupewa zawadi kubwa kama ile.

Polidoros alirudi baada ya nusu saa akihema, kengele mkononi, ameushika ulimi wa kengele usigonge njiani. Vardis akaipokea, akaipangusa kwa kitambaa, akavuta kiti akaketi jukwaani kando ya mjukuu wake, uso kwa watu, kengele gotini, mpini wa kisu chake mkononi wa kugongea. Mbuzi walijipanga mbele, watu wakapata nafasi nyuma yao. Fundi umeme akaombwa aketi.

"Anza toka mwanzo," mzee akasema. "Na hicho kidude cha upepo kipunguze. Kinanifunika kengele."

Rodanthi akapunguza upepo. Akabonyeza kitufe cha kwanza, mmmmm ikaanza, na hakuna aliyeitaja friji. Akavuta upinde. Babu akagonga, dong, mahali pake hasa. Polidoros, kwa kutojua ajiweke wapi, alikuwa amesimama katikati ya ua na kitambaa chake mkononi.

"Murgo," Vardis akasema bila kugeuza kichwa, "mwambie huyo akae chini, anawaziba mbuzi."

Murgo akashusha pumzi ndefu, akainuka, akaenda kumtazama Polidoros mpaka akaketi.